MREJESHO: Cherehani kuruka mishono kwenye batiki

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kwa nini vyerehani vya wanafunzi wangu wa ushonaji hapa Moshi vinaruka mishono kwenye batiki (vitambaa vinavyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi) tunazotengeneza wenyewe. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema ni mabaki ya nta alipatia kabisa. Sindano ilikuwa na utando mweupe unaonata pale karibu na tundu. Tulichemsha vitambaa upya, tukaengua nta ilipoelea, tukaweka sindano mpya namba 14. Mishono imetulia, wanafunzi wamefurahi mno!

Ushauri wa kukaza uzi haukusaidia, ulikuwa unakatika tu. Na kitambaa chekundu kimepauka kwa kuchemshwa, kile hakikupona. Mwenye rangi kali ajaribu kwanza kipande kidogo.