Likizo ya Bahati: gumzo la kikundi cha ukoo

Kikundi: Wana wa Mzee Kombo
Alhamisi usiku

Mama Nasra: Assalaam alaykum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa wote

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?

Mama Nasra: Hawajambo Shangazi. Idrisa sikio limetulia kabisa, Alhamdulillah

Mama Nasra: Nina jambo jamani. Bahati, dada yetu wa nyumbani, anaenda kwao Kondoa likizo, anaondoka Jumamosi ijayo, atakaa mwezi. Mimi dukani Kariakoo natoka nyumbani alfajiri, baba yao yuko na lori njia ya Tunduma. Natafuta mtu wa kukaa na watoto. Mwenye nafasi aniambie

Kaka Juma: Mwezi mzima?? Si aende siku nne arudi

Kaka Juma: Na mshahara unamlipa?

Mama Nasra: Namlipa kaka. Na nauli ya kwenda na kurudi

Kaka Juma: Mdogo wangu utawaharibu hawa. Anakula kwako, analala kwako, maji na umeme halipi. Beki tatu gani anapewa likizo ya mshahara kama mtu wa benki

Shangazi Mwanaidi: Juma. Neno hilo la beki tatu lisirudi humu. Ana jina, anaitwa Bahati, na mimi nimekula ubwabwa aliopika kwa mkono wake

Kaka Juma: Nimekuelewa Shangazi. Ila hoja yangu iko palepale, mwezi ni mrefu

Shufaa: Kaka Juma shikamoo. Hapo sheria imeshaongea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka. Haikusema mtu wa benki peke yake. Dada wa nyumbani ni mfanyakazi, yumo

Shufaa: Na saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Hapo nazungumzia Bara, Zanzibar wana sheria yao

Kaka Juma: Marahaba. Hizo sheria za maofisini bwana. Huku mtaani nani anazifuata

Shufaa: Dada Mama Nasra anazifuata. Na mkataba wa Bahati niliwaandikia mimi, tukamsomea akauelewa ndipo akatia sahihi. Mshahara wake uko juu ya kima cha chini. Agizo la serikali la mishahara la 2013 lilisema shilingi 40,000 kwa anayelala kwa mwajiri, la 2022 likapandisha hadi 60,000. Jamani 60,000 ya wakati huo! Hesabuni wenyewe, mtu anaamka kabla yenu na analala baada yenu

Mama Nasra: Kaka, ngoja nikueleze kwa nini mimi sihesabu siku na Bahati. Habari ya sikio la Idrisa wengi humu mliipata juu juu

Mama Nasra: Bahati ndiye aliyeanza kuniambia, "Mama, Idrisa nikimwita yuko bafuni ana povu usoni hajibu, nikimfuta macho akaniona anajibu." Akaniambia pia anasogelea tivii mpaka pua inakaribia kioo, na usiku anakoroma mdomo wazi. Wiki hiyohiyo mwalimu wake wa chekechea akamshika Bahati getini wakati wa kumchukua, akamuuliza, "Huyu nyumbani anasikia vizuri? Maana nikisimama nyuma yake nikasema chukua rangi nyekundu, hachukui. Nikimkalia mbele anachukua." Wale wawili wakaweka maneno yao pamoja, jioni Bahati akaniletea habari nzima

Mama Nasra: Hospitali daktari akasema ni maji nyuma ya ngoma ya sikio, yanatokana na mafua ya kila mara. Akauliza nani amegundua, maana watoto wengi wa namna hii wanaitwa wakaidi, wanachapwa, mpaka wanafika darasa la pili hawajui kusoma. Nikamwambia ni dada yake wa nyumbani na mwalimu wake

Shangazi Mwanaidi: Allahu Akbar. Hili sikulijua lote

Mama Nasra: Mimi ndiye mama yake Shangazi, nampenda kuliko roho yangu. Lakini namwona kidogo tu alfajiri kabla sijatoka, na usiku namkuta amelala. Anayemwogesha ndiye anayejua povu likiwa usoni mtoto anafanyaje

Shangazi Mwanaidi: Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na kazi hiyo umemwachia Bahati, naye kaifanya

Kaka Juma: Hapo sina neno. Mungu ambariki. Ila mwalimu naye tusimkuze sana, wa chekechea kazi yake ni kuimbisha tu, moja mbili tatu basi

Mama Nasra: Kaka, hata huku kwenye kikundi cha wazazi maneno ni hayohayo. Mwenye kituo katangaza kwamba ada haijalipwa na wengi, mwalimu ana miezi hajapata kitu. Mzazi mmoja akaandika "kwani anafundisha nini hasa". Na wake yuko palepale kila siku, anafikishwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anafuatwa saa kumi jioni

Baba Mkubwa Salehe: Nimefika. Nilikuwa msikitini

Baba Mkubwa Salehe: Juma mwanangu, kaa chini nikwambie, nami nimeshika chaki tangu kijana mpaka nimestaafu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Walimu hawakuwepo wa kutosha. Tukachukuliwa sisi vijana tuliomaliza darasa la saba, tunafundisha huku na sisi wenyewe tunafundishwa. Walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Watu walitucheka mpaka sokoni. Mimi nikapangiwa darasa la kwanza, na hilo ndilo lilionekana la mtu asiyejua kitu, wenye vyeti vyao walikuwa darasa la sita na la saba

Baba Mkubwa Salehe: Basi nikwambie nilichokiona. Mtoto wa miaka minne vidole havijakomaa. Ukimpa penseli anaikamata kwa ngumi kama mchi. Mwalimu anayejua kazi hamlazimishi. Anampa udongo aufinyange, anampa kokoto azipange, vizibo vya soda avihesabu, mpaka vidole vipate nguvu ndipo penseli inakaa mahali pake. Wewe ukipita dirishani unaona watoto wanachezea matope. Na huo wimbo wa moja mbili tatu, akiimba huku anasogeza kizibo kimoja kimoja, hapo ndipo anajua kuwa tatu ni vitu vitatu, si sauti ya kuimba tu

Baba Mkubwa Salehe: Utaratibu wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa elimu ya awali. Nenda shule nyingi ukahesabu vichwa. Halafu katikati ya umati huo mtu anaona mtoto mmoja hasikii akiwa kampa mgongo! Mimi ningempigia saluti

Shufaa: Baba Mkubwa umenitoa machozi

Kaka Juma: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesoma

Baba Mkubwa Salehe: Marahaba. Mama Nasra, ada ya Idrisa unadaiwa?

Mama Nasra: Hapana Baba Mkubwa, nimelipa. Nilikuwa nafikiria kulipa na ya muhula ujao mapema, angalau mwalimu apate chochote

Baba Mkubwa Salehe: Lipa, lakini muulize mwenye kituo mbele ya wazazi fedha inamfikia lini mwalimu. Zisikae kwenye rangi ya ukuta. Na wewe usiache kumwandikia mwalimu mwenyewe, kwa jina lake, umwambie daktari alisema nini. Mimi barua niliyoandikiwa na mzazi mmoja mpaka leo iko ndani ya Msahafu wangu

Ijumaa asubuhi

Zuhura: Assalaam alaykum. Hapa Muscat ndiyo nimepata muda wa kusoma, leo ni siku yangu ya kupumzika

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam binti yangu! Hujambo? Umekula?

Zuhura: Sijambo Mama. Nimekula, tena nimekula mezani na bibi wa nyumba. Huyu bibi kazaliwa Unguja, tunaongea Kiswahili mchana kutwa

Zuhura: Kaka Juma shikamoo. Nisikilize bila kukasirika

Zuhura: Unaikumbuka nyumba ya kwanza niliyofikia huku? Simu ilikuwa inafungiwa kabatini, napewa dakika chache za usiku. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kuliko wote. Kila ukinipata swali lako la kwanza, "Wanakupa siku ya kupumzika?" La pili, "Mshahara umeingia?" La tatu, "Watakuruhusu lini uje nyumbani?" Ulikuwa unanitetea kaka, mpaka ulitaka kuuza kiwanja unikatie tiketi. Sitakusahau maisha yangu yote

Zuhura: Maswali hayohayo matatu mama yake Bahati anamuuliza mwanawe kule Kondoa

Kaka Juma: Zuhura

Zuhura: Bado sijamaliza. Hapa nalea watoto wawili. Mdogo ana miaka miwili, halali mpaka nimkune mgongoni katikati ya mabega, si juu wala chini. Mama yake hapajui mahali penyewe, baba yake hapajui. Siku nitakayopewa likizo yangu nataka nije Tanga nilale kwa Mama, nisisikie mtoto wa mtu analia. Si kwamba siwapendi, nawapenda mno. Ila mtu anayelea anachoka mahali ambapo usingizi wa usiku mmoja haupafikii

Shangazi Mwanaidi: Njoo mwanangu. Chumba chako nakifagia kila Ijumaa

Shufaa: Niongeze kimoja tu. Tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976. Na tarehe hiyohiyo mwaka 2011, Geneva, ulipitishwa Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Kwa hiyo siku ya mtoto na siku ya anayemlea ni moja. Na kwa Bara hapa kuna chama chao, CHODAWU. Bahati nitampa namba zao akirudi, ni haki yake kujiunga

Kaka Juma: Haya. Mwezi bado naona mrefu kwa sababu ya hao watoto, si kwa sababu ya Bahati. Lakini sheria ni sheria, na Zuhura amesema alilosema. Nani anaenda Mbagala kwa Mama Nasra?

Shangazi Mwanaidi: Mimi. Naenda mwenyewe. Ila sipandi basi la usiku, mgongo haukubali

Kaka Juma: Nauli ya Shangazi naitoa mimi, basi la asubuhi, siti ya mbele. Wiki mbili za mwisho mke wangu atakuja Dar na mtoto, yuko likizo ya shule, atampokea Shangazi

Mama Nasra: Kaka Mungu akuzidishie! Shangazi njoo Alhamisi, ukae siku mbili na Bahati kabla hajaondoka. Nataka akuelekeze mwenyewe. Dawa ya Idrisa anajua anaitoa vipi asiiteme, na Nasra ana mambo yake ya nywele

Shangazi Mwanaidi: Vizuri. Atanifundisha, mimi nitashika

Baba Mkubwa Salehe: Bahati akifika kwao asipigiwe simu ya "sukari iko wapi" kila saa. Aachwe apumzike

Mama Nasra: Hapigiwi Baba Mkubwa. Idrisa tu ndiye ameomba aongee naye Ijumaa, na Bahati mwenyewe amekubali

Shangazi Mwanaidi: Mama Nasra, nitumie namba ya mama yake Bahati. Tunalelewa na binti yake mwaka wa ngapi huu, na hakuna mkubwa wa ukoo aliyewahi kumpigia hata kumjulia hali. Nampigia leo baada ya swala ya Ijumaa, nimwambie binti yake anakuja na tunamshukuru

Mama Nasra: Nimekutumia pembeni Shangazi. Anapokea vizuri mchana, asubuhi huwa yuko shamba