Chombo cha Wamaya: wamejuaje kimetoka wapi?

Swali: Wakuu, nimelelewa na bibi mfinyanzi. Akisugua udongo kwa kidole gumba tu, anakwambia umechimbwa bonde gani. Sasa nasoma kwamba chombo cha kunywea cha Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati tangu kale, kilichofukuliwa kaburini Buenavista, Belize, kilifinyangwa Naranjo, Guatemala. Wamejuaje?

Jibu: Kazi ya bibi yako, ila kwa mashine. Hukwangua unga kidogo, wakaupiga nyutroni (chembe ndogo za ndani ya atomi) kwenye kinu cha nyuklia, kisha wakapima mionzi inayotoka. Kila udongo una mchanganyiko wake wa elementi.

Jibu: Usiache maandishi, mkuu! Chombo hicho kina jina la K'ahk' Tiliw Chan Chaak, mfalme wa Naranjo. Na mchoro wake ni mungu wa mahindi akicheza, kisigino juu, mzigo wa manyoya mgongoni. Udongo bila mchoro ni nusu ya habari.

Muulizaji: Asanteni sana, bibi angefurahi. Walikunywea nini humo?

Jibu: Kakao. Kuna kingine cha Río Azul, mji wa kale wa Wamaya huko Guatemala, kifuniko chake hufungwa kwa kuzungushwa. Nje kimeandikwa "kakaw", na mabaki ya ndani yakakutwa na theobromini, kemikali ya kakao.