Mjadala: Mifuko ilipigwa marufuku 2019, mbona mpira wa dripu bado unachomwa nyuma ya wodi?

Msimbazi Chini (mleta mada):
Wakuu, tangu 1 Juni 2019 ukikutwa na mfuko wa plastiki Tanzania Bara, faini inaanzia elfu thelathini. Vifungashio vya huduma za afya viliachwa nje ya katazo, na hapo sina ugomvi, dawa haifungwi kwenye gazeti. Ninachouliza ni mwisho wake. Mpira wa dripu, glavu, mfuko wa mkojo, bomba la sindano, vyote vinaishia kwenye kichomea taka cha matofali nyuma ya wodi, dohani fupi, moshi unarudi dirishani kwa wagonjwa wale wale. Hospitali zipewe tarehe ya kuachana na vifaa vya PVC, ile plastiki yenye klorini ya mpira wa dripu, na kuacha kuchoma. Nani anapinga, na kwa nini?
Na tafadhali, tusianze za mama ntilie na nailoni yake ya kufunikia wali. Hiyo ndogo.

Fundi Tanuru:
Napinga nusu. Moshi mweusi maana yake moto ni wa baridi. Tanuru la vyumba viwili linatakiwa chumba cha kwanza kifike nyuzi 850, cha pili 1,100, na moshi ukae humo si chini ya sekunde mbili. Kinachofanyika sasa: mzigo unajazwa kwanza, kiberiti baadaye. Inatakiwa kuni kavu au vifuu vya nazi kwa nusu saa bila taka hata moja, ndipo ulishe kidogo kidogo. Mtu anashindilia maboksi sita ya sindano kwa mpigo, juu yake anatupa kondo la nyuma linalochuruzika maji. Moto unalala. Plastiki inayeyuka badala ya kuungua, inaganda kwenye nondo za chini, hewa haipiti tena. Vichupa vya dawa vikiingia vinapasuka, na kioo kikiyeyuka kinamalizia kuziba. Kondo lina shimo lake, vichupa vina shimo lake.
Kosa la pili halisemwi kabisa: taka zinalowekwa kwenye jiki, halafu zinachomwa. Jiki ni klorini. Unailisha klorini kwenye moto kisha unashangaa dohani imeliwa na kutu hadi imekuwa kama chujio la tui.

Shangazi Sufuria:
"Hiyo ndogo" kwa nani, mwanangu? Kichomea taka kinawashwa mara moja moja. Wali unapikwa kila siku ya Mungu, na mtoto anayeula ana kilo kumi na mbili. Nailoni inafunikwa juu ya mvuke dakika ishirini, inalainika, inashuka, inagusa wali. Wewe unayaona ya dohani, ya sufuria hutaki kuyaona kwa sababu unakula ukiwa umeshapakuliwa.

Msimbazi Chini:
Shangazi shikamoo. Sikudharau jiko. Nimesema mada ni hospitali.
Fundi, hata hizo 1,100 zako hazitoshi. Moshi ukipoa polepole, kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, dioksini, sumu zitokanazo na kuchoma vitu vyenye klorini, zinajiunda upya kwenye majivu yanayoruka. Ndiyo maana matanuru ya wenzetu yana mtambo wa kuupoza moshi ghafla na wa kuusafisha. La matofali lina nini? Lina dohani tu.

Fundi Tanuru:
Hapo umenishika, sibishi. Ila "kuacha kuchoma" bila kusema taka ziende wapi ni kuzihamishia jalala la Pugu zikachomwe na waokota chupa, tena kwenye nyuzi 300. Kwa dioksini huo ndio moto mbaya kuliko wote. Kenya walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa karibu na jalala la Dandora, 2005 kama sikosei, yakapita kikomo cha Ulaya kwa mbali.

Mama Lishe Halali:
Kila ugonjwa ukikosa mwenyewe anatafutwa mama ntilie. Nailoni ile inashika mvuke, wali unaiva kwa moto mdogo, mkaa unabaki wa kupikia maharage. Nani hapa amenunua gunia la mkaa karibuni? Mfuniko wa sufuria ya kilo tano ukishapinda hauzibi, na mpya ni pesa. Leteni mbadala kabla ya kuleta lawama.

Kijiwe Nongwa:
Mama usijali, tumeshakwisha wote. Wanasema kila mtu anameza plastiki sawa na kadi ya benki kila wiki, gramu 5. Na huko Ulaya wameikuta kwenye mishipa ya moyo. Nailoni ya wali ni kitoweo tu 😂

Mlinganyo:
Kijiwe, gramu 5 ni makisio ya 2019 ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, yaliyotolewa na WWF, shirika la kuhifadhi mazingira. Walichukua hesabu ya chembe wakazigeuza kuwa uzito kwa kukisia ukubwa wake. Waliorudia hesabu baadaye walipata uzito mdogo mno kuliko huo.
Ile ya mishipa nayo si ya moyo, ni ya shingo. Italia, ilitoka Machi 2024. Wagonjwa 257 waliofuatiliwa baada ya kusafishwa mishipa, 150 walikutwa na polithini, plastiki ya mifuko ya nailoni, ndani ya utando wa mafuta unaoziba mshipa. Hao 150, kwa miezi kama 34, hatari yao ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo ilikuwa mara nne na nusu ya wenzao. Wenyewe waliandika kwamba hawajathibitisha plastiki ndiyo chanzo. Inatosha kutisha bila chumvi.
Sasa nailoni. Polithini laini inaanza kulegea kabla ya nyuzi 100, inayeyuka kwenye 110 hivi. Mvuke ni 100, kwa hiyo katikati haiyeyuki. Ukingo wa sufuria ya alumini juu ya mkaa ndio unaopita 110. Angalia sufuria baada ya kupakua: pembeni kuna utepe mwembamba unaong'aa umeganda, na ukikwangua ukoko unatoka nao. Halafu viambata vinavyotiwa kwenye mfuko, vilainishi na rangi, vinahamia kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Wali wa nazi una mafuta. Mfuko mweusi ndio mbaya zaidi, rangi nyeusi hutumika kuficha plastiki iliyorejelewa ambayo hujui mwanzo ilikuwa kasha la redio au ndoo ya rangi.

Mama Lishe Halali:
Mweusi situmii mimi. Natumia kifungashio cheupe cha mkate. Msinichanganye na watu.

Mkobani:
Ngoja, mifuko si ilipigwa marufuku? Ile mifuko mbadala tunayoringia, iliyopitishwa na TBS, shirika la viwango, ya gramu 70 kwa mita ya mraba, mnaijua imetengenezwa na nini? Polipropilini. Plastiki ileile ya bomba la sindano, nyuzi zake zimegandishwa kwa joto bila kufumwa ikaonekana kama kitambaa. Tumeondoa nyembamba tukaleta nene.

Kibokoni:
Elfu thelathini na mnalalamika? Huku kwetu Kenya tangu 28 Agosti 2017 ni hadi shilingi milioni nne au miaka minne ndani. Na bado samaki anafungiwa juala, mfuko wa nailoni, ukiinama.

Damu Salama:
Naomba turudi kwenye PVC, maana mleta mada kasema iondolewe yote kana kwamba ni kuhamisha kiti. Mfuko wa damu ni PVC iliyolainishwa kwa DEHP, kilainishi ambacho kwenye baadhi ya vifaa hufika asilimia 40 ya uzito. Kinavuja, kweli, na kinavuruga homoni. Lakini kinachovuja ndicho kinachoimarisha ngozi ya seli nyekundu zisipasuke, ndiyo maana damu iliyotiwa maji yake ya kutunzia inakaa hadi siku 42. Ondoa DEHP bila mbadala uliopimwa, damu inaharibika mapema, na sisi hata ya siku 42 haitutoshi. Ulaya wenyewe wamesogeza tarehe hadi Julai 2030 kwa vifaa vya tiba.
Mpira wa kulishia mtoto njiti puani ni habari nyingine. Mtoto wa kilo moja na nusu, maziwa yenye mafuta, mpira uleule siku kadhaa. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitahadharisha tangu 2002, hasa kwa wachanga wa kiume. Mpira wa silikoni au wa poliyurethani upo. Tarehe ianzie wodi ya njiti, siyo benki ya damu.

Shangazi Sufuria:
Daktari, umeandika vizuri. Kwa hiyo mafuta yanavuta sumu kwenye mpira, kwenye sufuria hayavuti? Umenisaidia kusema.

Damu Salama:
Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, shangazi. Na ile ni PVC, nailoni ya wali ni polithini, haina DEHP kwa kawaida.

Shangazi Sufuria:
Kwa kawaida.

Fundi Tanuru:
Mleta mada, ukitaka kitu cha kufanyika Jumatatu: tenganisheni kitandani, siyo jalalani. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida tu, ila zikishachanganywa na pamba yenye damu zote zinakuwa hatari. Toroli ya sindano iwe na vitu vitatu: boksi la usalama, ndoo ya njano, ndoo nyeusi. Boksi la lita 5 linabeba sindano kama 100, lifungwe likifika robo tatu. Likishindiliwa, sindano inatokea ubavuni na kumchoma anayebeba. Chupa ya dripu isiyo na damu ikatwe mpira wake, itobolewe isije ikarudi sokoni na mafuta ya kula ndani, iuzwe kwa warejelezaji. Bomba la sindano halina klorini, mpira wa dripu unayo, PVC ni zaidi ya nusu klorini kwa uzito. Ukiuzuia mpira wa dripu peke yake usiingie tanuruni umepunguza kubwa. Uende kwenye mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi 121, dakika 30 kuanzia joto linapofika katikati ya mzigo, siyo kuanzia ulipobonyeza kitufe. Mfuko uachwe wazi mdomo, ukifungwa mvuke hauingii na unatoa taka mbichi.

Msimbazi Chini:
Huu ndio mchango niliousubiri. Swali: umeme ukikatika dakika ya 20?

Kibokoni:
Kabla hajajibu, nimjibu mama lishe aliyetaka mbadala. Pwani wali unapaliwa. Maji yakikauka, punguza moto wa chini, weka mfuniko, chukua makaa saba manane uyapange juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Nailoni ya nini?

Mama Lishe Halali:
Makaa manane juu ya sufuria ya kilo tano? Hayo ya wali wa watu wanne. Na majivu yakimwagika kwenye wali mteja atakula wewe?

Shangazi Sufuria:
Jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto hadi libadilike rangi na kulegea, bichi linapasuka. Uti wa katikati utoe. Mawili yapishane, upande unaong'aa chini, kingo zishuke ndani ya sufuria, juu weka mfuniko hata ukiwa umepinda. Kagera na Uganda wanaivishia ndizi hivyo.

Fundi Tanuru:
Umeme ukikatika unaanza upya dakika 30 zote, hakuna kuunganisha.
Shangazi, jani linahimili moto wa mkaa ukingoni au linaungua?

Msimbazi Chini:
Fundi, na wewe?

Shangazi Sufuria:
Linakauka pembeni kidogo, ndani halina shida. Lisitokeze nje ya sufuria.

Mkobani:
Na hiyo sufuria ya alumini mnayoisifia, chakula chenye ndimu je?

Mlinganyo:
Fungua mada yako.