Kundi la familia: Nyumba ya Babu, Magomeni

*Baba Mdogo:* Assalaam aleikum wanangu, na wewe dada yangu, Shangazi yao. Mwekezaji karudi na dalali wake. Hanunui, anakodi nyumba nzima miaka 10. Atakarabati kwa pesa yake, kila chumba akitie choo ndani, apangishe masta. Sisi atatupa 600,000 kwa mwezi.

*Kaka Mkubwa:* Waaleikum salaam. Sasa hivi tunapata ngapi?

*Baba Mdogo:* Vyumba sita kwa 60,000. 360,000.

*Dada:* Baba Mdogo tukubali. Bati zinavuja, choo cha uani kimejaa mara mbili mwaka huu. Gari la maji taka linamaliza kodi yote

*Shangazi:* Mimi sijakubali. Hizo masta atapangisha bei gani?

*Baba Mdogo:* Dalali anasema 200,000. Miezi sita kwa mkupuo.

*Shangazi:* 1,200,000 kabla mtu hajaingiza godoro! Mama wa chapati chumba cha mbele ataitoa wapi? Anaamka saa tisa usiku, anakanda, anakwenda Kariakoo kwa miguu. Fundi cherehani yupo pale tangu marehemu baba yu hai. Ndio waliombeba kumpeleka hospitali usiku ule, sisi tulikuwa wapi?

*Kaka Mkubwa:* Na mwekezaji kwa vyumba sita anakusanya 1,200,000 kila mwezi, sisi anatukatia nusu

*Mjukuu:* Shikamooni wote. Mimi yalinikuta Kinondoni. Tuliambiwa tupishe ukarabati, vigae vikawekwa, chumba cha 80,000 kikawa 220,000. Sasa nipo Chanika nalipa 40,000. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, siku 26, nauli inapita 60,000. Mtoto namkuta amelala, namwacha amelala.

*Shangazi:* Marahaba baba. Pole sana.

*Dada:* Hakuna sheria ya kuzuia kupandisha hivyo?

*Kaka Mkubwa:* Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Sasa ni makubaliano tu, na mwenye shida hana cha kukubaliana

*Baba Mdogo:* Kumbukeni wenzetu wa Magomeni Kota hapo, zile nyumba za serikali. Kaya 644 zilitolewa, ghorofa zikafunguliwa Machi 2022, wakarudi. Lakini pale ni serikali, na Rais Magufuli aliwaahidi 2016. Wapangaji wetu nani atawarudisha?

*Shangazi:* Nimekaa nao jana uani. Wako tayari kulipa 75,000 tukijenga choo upya na kubadilisha bati.

*Kaka Mkubwa:* 450,000 kwa mwezi. Fundi alitaka 4,500,000. Ni miezi kumi bila mgao wetu wa kodi

*Dada:* Shangazi nakuelewa, nalia hapa. Ila mgao wangu ndio ada ya mtoto. Januari nitasemaje shuleni?

*Shangazi:* Mwanangu, wangu chukua wewe. Mie ninaye mtoto Muscat ananitumia.

*Kaka Mkubwa:* Hapana Shangazi, mgao wa Dada usikatwe, nitaujazia mimi. Tuanze na choo, mvua za vuli zimekaribia. Bati hata mwakani

*Dada:* Allah awalipe. Basi nami sisaini kwa mwekezaji

*Baba Mdogo:* Msimamizi wa mirathi ni mimi, na kalamu sikuwa nimeishika. Jumamosi baada ya Adhuhuri, uani. Wapangaji nao wawepo, fundi aje na futi. Dalali nampigia sasa hivi.