Kampuni inataka kutumia video zangu za mapishi bila kikomo cha muda: nidai nini kabla ya kusaini?

Bint Chumbageni:

Ndugu zangu, assalaam alaikum na habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Tanga mjini, na baada ya kazi hurekodi video fupi za mapishi ya kwetu, kama vile mchuzi wa pweza, vibibi na samaki wa kupaka, kisha nikaziweka TikTok na Instagram. Wafuasi wangu hawajafika hata elfu nne, kwa hiyo nilistaajabu pale kampuni moja ya mafuta ya kupikia ya Dar es Salaam iliponiandikia ikitaka niitengenezee video tatu za sekunde thelathini, itakazoziweka kwenye kurasa zake yenyewe. Wanatoa shilingi 150,000 kwa zote tatu, pamoja na dumu la mafuta.

Kwa mshahara wangu fedha hiyo si haba, ila kuna mambo mawili yanayonitia wasiwasi. Mkataba unasema kampuni itakuwa na haki ya kutumia video, sura na sauti yangu "katika njia zote za matangazo, bila kikomo cha muda". Tena, katika maneno wanayotaka niyaseme mbele ya kamera, imo sentensi kwamba mafuta hayo hushusha sukari na presha. Naomba ushauri juu ya hayo, na pia juu ya kodi, maana wanataka jibu Ijumaa.

Mzee wa Raskazone:

Mwalimu, pole na kazi. Nilifanya kazi ya matangazo miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Kampuni ikikufuata ilhali wafuasi wako ni wachache, ujue haiwataki wafuasi hao. Inautaka mkono wako, jiko lako na lafudhi yako, kwa sababu watu huiamini video iliyorekodiwa uani kuliko ile ya studio. Malipo ya kazi ya namna hii yana mafungu mawili. La kwanza ni la kutengeneza: samaki, nazi, gesi, bando na jioni yako nzima. La pili ni la ruhusa ya kukutumia, nalo hupimwa kwa muda na kwa mahali. Video inayokaa kwenye ukurasa wa kampuni kwa miezi mitatu haina bei moja na ile inayolipiwa ili isambae nchi nzima, na zote mbili si sawa na sura yako kubandikwa kwenye bango pale Segera. Maneno "njia zote" yameyazoa yote hayo kwa bei ya fungu la kwanza peke yake. Chumba ulichokipangisha kwa miezi mitatu hakiwi cha mpangaji. Akitaka kuendelea kukaa, analipa tena.

Hiyo "bila kikomo" ina hasara nyingine ambayo wengi huigundua baadaye. Mwakani kampuni nyingine ya mafuta ikikutaka, itakuta sura yako bado inamtangaza mshindani wake, nayo itatafuta mtu mwingine.

Andika pia idadi ya marekebisho. Tui likishachemka na samaki akishaiva, huwezi kuvirudisha nyuma kwa sababu mtu wa ofisini ameona lebo ya chupa imegeukia ukutani. Kuna binti wa hapa mjini ambaye kampuni moja ilimrudisha jikoni kwa ajili ya kifuniko cha chupa tu, ikambidi aende tena soko la samaki la Deep Sea kununua samaki aina ya changu kwa fedha zake. Watumie kwanza maelezo ya kila tukio, wayakubali kwa maandishi, na wakigeuka baada ya hapo walipie upya.

Mimi ningewajibu kwamba 150,000 ni ya kutengeneza video hizo na kuziweka kwenye kurasa zao kwa miezi mitatu, nusu ilipwe kabla jiko halijawashwa. Dumu la mafuta lisiitwe malipo. Hicho ni kifaa cha kazi. Wakitaka kusambaza tangazo kupitia akaunti yako ya TikTok, watakuomba namba ya idhini, nayo huwekewa muda unaouchagua wewe.

Mgosi wa Makorora:

Kwa heshima zote, Mzee wangu, mnamtisha mwalimu. Wapo wanaolipwa kwa katoni ya sabuni na ahadi ya kutangazwa. Akianza kwa masharti mengi, kampuni itamwendea mwingine.

Mzee wa Raskazone:

Inawezekana, na huyo mwingine atalipwa sabuni.

Mama Mhasibu:

Mwalimu, upande wa kodi usikupe homa. Sheria inamtaka anayekulipa akate kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo kwenye 150,000 tarajia kupokea 142,500, isipokuwa mkikubaliana kwamba bei uliyotaja ni ile inayofika mkononi. Dai hati ya kodi hiyo iliyozuiwa, kwa maana ndiyo ushahidi kwamba imekatwa kwa jina lako. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Ila kama yako ni ile uliyochukua kwa ajili ya leseni ya udereva, haikuandikishwa kwa biashara, hivyo pita ofisi ya TRA wakurekebishie. Soma pia mkataba wako wa shuleni, kwani baadhi ya waajiri hutaka wajulishwe kuhusu kazi ya ziada.

Mkaguzi Mstaafu:

Sentensi ya sukari na presha usiitamke kabisa. Tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na dawa ziko chini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mafuta yanayodaiwa kutibu yamejitoa kwenye chakula yakaingia kwenye dawa, na sauti itakayosikika ni yako. Sema unachokiona mwenyewe jikoni, kwamba hayatoi moshi upesi au hayana harufu kali, kama ni kweli. Na unaporekodi, jirani azime taarabu. Wimbo unaoruhusiwa kwenye ukurasa wa mtu binafsi si lazima uruhusiwe kwenye tangazo la biashara.

Bint Chumbageni:

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni sana. Sentensi ya sukari nimeiondoa. Kifungu nimekiandika hivi: "Kampuni itatumia video hizi kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii kwa miezi mitatu, na matumizi mengine yoyote yatakubaliwa na kulipiwa kando." Je, kimetosha?

Mzee wa Raskazone:

Marahaba, mwalimu. Kimekaribia. Baada ya "miezi mitatu" ongeza "tangu siku ya kuchapishwa kwa video ya kwanza, baada ya hapo zitaondolewa", la sivyo watasema walikuwa hawajaanza kuhesabu. Kisha taja kurasa hizo kwa majina, moja baada ya nyingine.