Naomba ushauri: kiambishi cha mmiliki katika Kituruki

Ndugu wapenzi wa lugha, naomba msaada katika sarufi ya Kituruki. Naelewa kwamba mmiliki hutangulia na kwamba nomino zote mbili hupokea viambishi tamati, kama katika çocuğun kitabı, yaani kitabu cha mtoto fulani anayejulikana, ilhali çocuk kitabı, ambapo mmiliki hana kiambishi, ni kitabu cha aina ya kusomwa na watoto. Tofauti hii naipenda mno, kwa kuwa -a yetu ya uhusiano (kama katika cha, ya na wa) hubeba maana zote mbili na kumwachia msikilizaji muktadha.

Kinachonitatiza ni majina ya pekee. Mji wa İstanbul unajulikana, na watu husema İstanbul'un tarihi wanapotaja historia yake. Mbona basi chuo kikuu huitwa İstanbul Üniversitesi, jina la mji likiwa tupu, bila kiambishi -un? Je, jina rasmi la taasisi huhesabiwa kama neno moja?

Tena, yatak odası ni chumba cha kulala, lakini chumba changu cha kulala ni yatak odam, na ile -sı imetoweka. Ni kanuni gani inayoiondoa? Aliyefundisha au kusomea Uturuki anieleze tafadhali, ikiwezekana kwa sentensi kamili.