Kusoma uendelevu katika kituo kidogo cha kuishi hapohapo: nimjibu nini mwajiri, na mke wangu?

Mhandisi wa Pangani:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mimi ni mhandisi wa majitaka mkoani Tanga, nina shahada ya kwanza na miaka sita kazini, na sasa natafuta mahali pa kusomea uzamili wa uendelevu. Nimevutiwa na Centre for Alternative Technology, kituo kilichoanzishwa mwaka 1973 katika machimbo ya zamani ya mawe ya kuezekea karibu na Machynlleth, Wales, ambako wanafunzi hukusanyika kwa siku kadhaa mfululizo, wakalala, wakala na kusoma mahali pamoja. Mwajiri wangu anauliza kituo ambacho si chuo kikuu kinawezaje kutoa shahada. Mke wangu anauliza nitapata nini huko porini nisichoweza kukipata Dar es Salaam. Mpaka sasa sijaweza kumridhisha hata mmoja wao, hivyo naomba mawazo ya waliopita huko.

Binti Kisauni:
Ndugu Mhandisi, mimi ni msanifu majengo kutoka Mombasa na nilisoma hapo. Jibu la mwajiri wako ni fupi: kituo hufundisha, lakini shahada hutolewa na chuo kikuu mshirika, na wakati wetu vilikuwa University of East London na Liverpool John Moores, kutegemea kozi. Jina la chuo kikuu ndilo linaloandikwa kwenye cheti, na ndilo utakalolipeleka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukirudi.

Swali la shemeji ndilo zito. Jengo tulilosomea hapo kituoni, liitwalo WISE, lilifunguliwa mwaka 2010, na ukumbi wake wa mihadhara ni wa duara, wenye kuta za udongo ulioshindiliwa zinazopanda zaidi ya mita 7, huku kuta nyingine zikiwa za katani iliyochanganywa na chokaa. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya kukandika huko Kwale, nami nikasoma usanifu nyumbani miaka yote ile nikifundishwa saruji peke yake. Ilinibidi nivuke bahari ndipo nikae darasani mbele ya ukuta wa udongo na kuambiwa kwamba hiyo nayo ni taaluma. Nilicheka, kisha nikaona haya kidogo. Swali la unyevu lilipozuka, hatukuonyeshwa picha, bali tuliinuka tukaenda kuushika ukuta.

Kwa kazi yako, utakachokipenda ni matete. Majitaka ya kituo husafishwa kwa vitalu vya matete, kwa hiyo maji uliyoogea asubuhi ndiyo yatakayokuwa somo la mchana. Wala jambo hilo si geni kwetu, maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshughulika kwa miaka mingi na maeneo oevu ya kutengenezwa, yaani vitalu vya mimea vya kusafishia majitaka kama hivyo. Tofauti ni kwamba ukiishi juu ya mtambo wenyewe huwezi kuufunga pamoja na daftari saa kumi jioni. Na mjadala ulioanza darasani huendelea mezani usiku, kati ya seremala, ofisa wa halmashauri na mtu aliyeacha kazi ya benki, ambao wote watalala jengo lilelile na kukutana tena kwenye uji.

Mzee wa Ruaha:
Binti Kisauni amesema vizuri, ila amesema kama mtu aliyekwisha kufuzu. Udogo anaousifu una hatari yake. Chukua mfano wa chuo kingine kidogo cha kuishi hapohapo: Schumacher College ya Dartington, huko Devon, Uingereza, ilianza mwaka 1991 kwa kozi iliyoongozwa na mwanasayansi James Lovelock, na wanafunzi wake walipika, wakafagia na kulima bustani kama sehemu ya masomo. Mwaka 2024 wamiliki wake, Dartington Hall Trust, walitangaza kusitisha kozi za shahada. Hicho cha Machynlleth nacho kilifunga milango kwa watalii wa kutwa mwezi Novemba 2023 kwa sababu ya gharama, ingawa masomo yaliendelea. Sisemi usiende. Nasema kituo kidogo hakina mbavu za kuhimili miaka mibaya.

La pili ni fedha. Ukitegemea Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, fahamu kwamba hulipia uzamili wa muda wote na si masomo ya masafa, na kozi za kuhudhuria siku chache kila mwezi zinahitaji kuulizwa mapema pia kwa upande wa viza, kabla hujalipa chochote.

Mhandisi wa Pangani:
Ahsanteni sana. Mke wangu amesoma habari ya matete na kusema kwamba kama ni hivyo basi nisome kweli, nisiende kutalii. Nitaandika barua kuuliza mambo mawili: ni chuo kikuu kipi kitatoa cheti kwa kozi ninayoitaka, na kama mtu wa kutoka Tanzania anapewa viza kwa ratiba hiyo.

Mzee wa Ruaha:
Ongeza la tatu: kituo kikifungwa ukiwa katikati ya tasnifu, nani atakusimamia hadi umalize? Waombe wakujibu kwa maandishi, na jibu hilo mwonyeshe mwajiri wako kabla hujaomba ruhusa ya masomo.